Chumvi Anayotia Mtoto

Watoto wangu wananiambia nipumzike. Wamenunua kiti cha plastiki chenye mikono, wakakiweka barazani hapa Makomeno kwa binti yangu, wakasema, kambo, yaani bibi, kaa. Nimekaa. Nimeangalia ukuta wa jirani, nimeangalia kuku wa jirani, nikaamka. Mtu aliyetembea mitaa ya Naviundu na Kampemba nusu ya maisha yake hawezi kugeuzwa chungu cha maua kwa siku moja. Basi naandika. Nikichoka kuandika nazunguka nyumba, halafu narudi. Msishangae mkiona maneno yanakatika katikati. Ni mguu uliokataa kukaa.

Nawaandikia ninyi relé wapya, mabinti wenye gilet, vile vizibao vya kazi, na simu. Relé, kwa asiyejua, ni mjumbe wa afya: mtu wa mtaa anayetoka kituo cha afya na kuingia nyumba za watu kuongea habari ya maji, ya chanjo, na ya kupanga uzazi, ambayo sisi tunaiita planing. Mimi nilifanya planing kuliko yote. Shule sikusoma sana. Kiswahili cha kuandika nilikipata katika chama cha akina mama wa parokia, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya daktari. Ya daktari yamebandikwa ukutani pale kituoni, na nawajua, hamjayasoma.

Sikuanza na watu, nilianza na ndoo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia, kupangusa chini na kuchemsha vyombo vya chuma. Mtu anayepangusa chini haonekani. Wanawake waliokaa kwenye benchi, nje ya mlango wa planing, waliinua miguu nipitishe kitambaa na wakaendelea kuongea kana kwamba mimi ni fagio. Pale ndipo nilipojifunza. Mwanamke akiwa ndani na muuguzi alisema sindano inampa kichwa kuuma. Akitoka nje, akikaa kumsubiri mwenzake, alisema kile kilichomleta: tangu nianze hii kitu, bwana akinigusa ni kama anagusa meza.

Muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita titulaire, alikuwa Mama Beatrisi, mama wa upande wa Kasenga, mrefu, mwenye sauti ya chini. Siku moja alinikuta nimesimama na kitambaa kimekauka mkononi, nasikiliza. Nilijua nitafukuzwa. Aliniuliza tu walikuwa wanasema nini. Nikamwambia. Akasema, mimi huwauliza kila siku na hawaniambii hivyo. Kesho yake aliniambia niache ndoo, nifuatane naye mitaani.

Yeye ndiye aliyenipa namna ya kufanya kazi hii, na ndiyo nawaachia, maana sioni mkiifanya. Swali la kitanda haliulizwi uso kwa uso. Ukimkazia mwanamke macho atakujibu kama anajibu polisi. Unaingia, unamkuta anachambua maharagwe, unavuta kibao na kuchambua naye. Mikono ifanye kazi, macho yawe kwenye ungo. Unauliza kwanza watoto. Unauliza pili damu. Halafu, bila kubadilisha sauti, unauliza: na kitandani, wewe mwenyewe, inaenda namna gani? Hapo kwenye "wewe mwenyewe" msikimbie. Wengi watakujibu habari ya bwana: yeye hasemi kitu, yeye hajalalamika. Unachambua jiwe moja zaidi, unarudia: sikuuliza yeye.

Vifaa vyangu vilikuwa mfuko, mwavuli, kile cha mti cha kufundishia kuvaa kapoti, yaani kondomu, ambacho siku moja wajukuu wangu walikikuta wakapondea karanga, na ile boîte à images, mafundisho ya picha za kufunua. Picha zilikuwa nzuri, sitazisema vibaya. Kila ukurasa bwana na bibi wanatabasamu, watoto wao wamevaa viatu. Ukurasa wa tumbo la uzazi upo, ukurasa wa sindano upo, wa vidonge upo. Ukurasa wa kitanda haupo. Watoto wale wenye viatu walitoka wapi, picha hazikusema.

Nilisikia mengi kwenye maharagwe. Mama mmoja wa Kampemba aliwekewa kijiti katika mkono, nikadhani atalalamika. Aliniambia kwamba zamani bwana akimkaribia, yeye alikuwa anahesabu miezi kichwani, hasikii kingine. "Sasa sihesabu," akasema, "nasikia." Mwingine alikuwa na vidonge vikamkausha, akabadilishiwa aina, akapona. Mwingine alipenda kapoti kuliko dawa zote, kwa sababu bwana yake alikuwa mtembezi na yeye alitaka kulala bila woga. Mama mmoja wa Kiislamu, wazazi wake walitoka Maniema, alikuwa na matone ya damu yasiyoisha na aliniuliza kama anaweza kusali. Nilimpeleka kwa Mama Beatrisi. Mama Beatrisi akamwambia, sala kamuulize imamu, matone niulize mimi. Usichanganye, maana kila mmoja wetu akijibu ya mwenzake utapotea.

Kwa hiyo msipite mitaani mkisema dawa hizi zinaua hamu. Si kweli kwa wengi. Na msipite mkisema haziwezi kufanya hivyo. Si kweli kwa wote. Kuna neno moja mnalolipenda sana, nalisikia hata hapa nilipo mnapopita na simu zenu: ni kawaida, mama, ni kawaida. Kawaida ya nani? Nimeamka tena kwa sababu ya neno hilo. Nimezunguka nyumba. Nimerudi.

Sasa nitawaambia habari ya Mama Feza. Jina si lake.

Alikaa karibu na mto Naviundu, akiuza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya nyumba. Bwana yake alikuwa dereva wa kamioni, anabeba shaba mpaka mpakani Kasumbalesa, anakwama huko katika mstari wa magari, anarudi akiwa amejaa vumbi na hasira. Walikuwa watu wa Kasenga wote wawili. Kuzaa kwake kwa mwisho, Mama Feza alitoka damu mpaka midomo ikawa myeupe. Daktari wa hospitali aliwaambia wote wawili waziwazi: mimba nyingine ikija upesi, huyu mama anaweza kubaki mezani. Baba Feza alikuwa ameona yale mashuka kwa macho yake. Hakubisha. Mimi niliwasindikiza kituoni, Mama Feza akachomwa sindano ya miezi mitatu, akarudi nyumbani akiimba.

Baada ya sindano ya pili aliacha kuimba. Nilipita kwake mara nyingi. Hakuwa na maharagwe, nikapanga naye makala, mikono ikawa nyeusi yote miwili. Watoto wazima? Wazima. Damu? Matone, leo yapo, kesho hayapo. Na kitandani, wewe mwenyewe? Hakuna shida, Mama Monga. Alijibu haraka, kabla sijamaliza. Mtu anayejibu kabla swali halijaisha amelisikia mahali pengine. Nilimwambia Mama Beatrisi, naye akasema turudi.

Kabla hatujarudi, bwana alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, benchi limejaa. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya kazi, akavua kofia. Hakupiga kelele, na mimi huwa naogopa zaidi wasiopiga kelele. Akamwambia Mama Beatrisi amtolee bibi yake ile sindano. Mama Beatrisi akamjibu sindano haitolewi, inaisha yenyewe mwilini. Basi wasirudilie, akasema. Kwa nini? Aliangalia lile benchi la wanawake, akashusha sauti, lakini si ya kutosha.

"Mama titulaire, ku nyumba yangu, tangu mvua ianze, ni mutoto njo anatia chumvi mu mboga."

Kwenye benchi mama wawili wazee walificha mdomo kwa pagne, vile vitenge vya kujifunga. Mimi ninatoka kaskazini, nyumbani kwetu mama yangu hakushika mambo hayo, nikabaki nimesimama kama mti. Mama Beatrisi alielewa papo hapo, nami alinieleza baadaye. Katika nyumba nyingi za upande wao, mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi katika chakula cha bwana. Anaita binti ambaye hajaanza kuona siku, yule ndiye anayetia. Bwana hasemi kitu, haulizi mtu. Anaona ni nani aliyeitwa jikoni, na usiku huo analala upande wake. Msichana hufundishwa na shangazi yake kabla ya ndoa, pamoja na mambo mengine, na si jambo la kuchekwa. Ni namna ya kuambiana bila kufungua mdomo.

Sasa mvua ilikuwa inakaribia kwisha, na Feza, msichana mdogo, alikuwa bado anaitwa jikoni.

"Ananiambia ni damu ya sindano," Baba Feza akasema. "Damu gani inapita mvua? Iko mutu mungine. Mwisho wa mwezi namurudisha Kasenga kwa bazazi yake. Bakimurudisha hapa, arudi bila sindano."

Hapo mnaona lilipofika. Akiachwa na sindano, anapoteza nyumba. Akirudishiwa nyumba bila kinga, na tumbo lile, sisi tungemwona tena juu ya machela. Usiku ule nililala kama samaki juu ya mchanga, nilimkasirikia bwana, nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia yule aliyechora picha za watu wanaotabasamu.

Mama Beatrisi alimwambia Baba Feza jambo moja: kabla ya Kasenga, pita hapa naye. Alipita. Alipotoka tena mpakani, walikuja wote wawili, na Mama Feza akaomba mimi niingie ndani.

Mama Beatrisi alikuwa na lundo la kompresi za kukunja, vile vitambaa vya kufunga vidonda, zinazokwenda kuchemshwa kwa mvuke. Akampa Mama Feza fungu. Akanipa mimi fungu. Halafu, bila kucheka, akampa Baba Feza fungu. Dereva wa kamioni na vidole vyake kama ndizi, anakunja kitambaa pembe kwa pembe. Tukakunja. Akamuuliza Mama Feza kama damu bado inatoka.

Alikunja vitambaa viwili au vitatu kabla ya kujibu.

"Ilikwisha."

Baba Feza aliacha kukunja. "Ilikwisha lini?"

"Zamani. Mbele ya Noeli."

"Na chumvi?"

"Njo miye nilimuambia Feza aendelee."

"Juu ya nini?"

Alikuwa anaongea na kitambaa. "Juu sina hamu. Mwanzo ilikuwa damu ya kweli, kidogo-kidogo, nikamuita mutoto. Halafu damu ikaisha, lakini ukinigusa inaniuma. Iko kavu kama barabara. Nikaona chumvi iko inanipumzisha. Ningekuambia nini? Ungesema iko mutu."

"Nilisema iko mutu."

"Njo ile."

Nilimwangalia yule bwana. Nimeona mabwana wengi wakiambiwa ukweli, wengine husimama, wengine hutafuta kofia. Yeye alichukua kitambaa kingine akakikunja vibaya. Halafu akasema basi, sindano iachwe, watajichunga wenyewe.

"Mutajichunga na nini?" Mama Beatrisi akamuuliza. "Na chumvi?"

Ndipo Mama Beatrisi akamgeukia yule mama na kumuuliza yeye anataka nini. Mama Feza alimwangalia kana kwamba ameulizwa kwa Kichina. Akaangalia bwana yake, akaniangalia mimi. Sikumsaidia. Kuna wakati msaada ni kuziba njia.

"Nataka nisibebe mimba sasa," akasema. "Sitaki kufa. Na nataka hamu yangu irudi." Akaweka kitambaa chini. "Haikukuwa ya yee peke yake. Ilikuwa ya miye pia. Nilikuwa naipenda."

Chumba kile ni kidogo, dirisha moja. Nilisikia mtu anapita nje na baiskeli. Baba Feza alisema polepole kwamba hakujua. Mkewe akamjibu, hukuuliza. Wakaishia hapo, na kwa watu wawili wa aina yao ilikuwa hotuba.

Mama Beatrisi akatoa pakiti moja, akawaonyesha stérilet, kile kidude kidogo chenye umbo la herufi T kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi. Akaeleza kwamba hakina dawa ya kuingia katika damu na kugusa hamu, kwa hiyo kinafaa mtu aliyesumbuliwa kama yeye. Akaeleza na ubaya wake, msisahau ubaya wake: miezi ya mwanzo siku zinaweza kuwa nzito na tumbo kuuma, na kwa sababu mama huyu alipoteza damu nyingi, kwanza apimwe damu yake. Baba Feza akainama.

"Na hii imezungushwa hapa ni nini?"

"Shaba."

"Shaba?" Akainua uso. "Miye nabebaka shaba kila juma. Inatoka hapa, inapita mupaka na kamioni yangu, halafu munairudisha imekuwa kauzi?"

Mama Feza alicheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini mimi nilikuwa sijakisikia tangu mvua ianze. Kabla hawajaondoka, Mama Beatrisi aliwaambia kwamba desturi ya chumvi haikatazi, yeye mwenyewe ameishika kwake. "Lakini musiachie mutoto kusema kile ninyi hamusemi."

Damu ilipimwa, ikafaa, stérilet ikawekwa. Mabinti, hapa ndipo wengi wenu mngefunga mfuko na kwenda kuhesabu mmepata mteja. Mimi sikuweza kukaa. Mwezi wa kwanza siku zake zilikuja nzito, akaja mbio akidhani ni ile damu ya kuzaa imerudi. Akapewa dawa ya maumivu na vidonge vya kuongeza damu. Kisha bwana akaja akijificha nyuma ya mlango, akanong'ona kuna kitu kinamchoma, akadhani labda ni ile shaba inamkataa. Ilikuwa nyuzi tu, zile zinazoning'inia chini ya stérilet. Mama Beatrisi alizipunguza, ikaisha. Kisha dada ya bwana akatoka Kasenga, akakaa pale nyumbani, akasema chuma ndani ya mwanamke ni laana, itolewe au huyu mke arudi kwao. Baba Feza alimwambia dada yake asubiri. Hakumwambia asubiri nini.

Hata sisi hatukujua. Sindano ile hutoka mwilini kwa ukaidi. Mwezi ulipita, mwingine ukapita. Nilijitafutia sababu za kupita mtaa ule, nikanunua makala ambayo sikuyahitaji mpaka binti yangu akaniuliza kama nafungua duka. Mama Feza alikuwa amerudia kutia chumvi mwenyewe. Bwana alikuwa anangoja. Mama Beatrisi alikuwa amemwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, si kwa aibu, bali kwa sababu mwili wa kila mwanamke una njia yake, na aliambiwa amuulize mkewe njia ni ipi. Inaonekana aliuliza. Lakini Mama Feza, tukipanga makala, aliniambia: "Mama Monga, haiumi tena. Ananibembeleza. Lakini ile kitu yenyewe haiko. Labda ilikufa." Sikuwa na ukurasa wa kumfunulia. Sikumwambia ni kawaida. Nilimwambia sijui, na kwamba nitapita tena, na nikapita tena.

Alikuja kituoni katika siku zangu za mwisho za kazi. Haikuwa siku yake ya kupimwa. Hakuwa na mtoto mgongoni, hakuwa na mfuko. Nilipomwona anavuka uwanja mikono mitupu, nilijiambia ni mojawapo ya mawili: mimba imepita pembeni ya stérilet, au dada yule ameshinda na anakuja kuaga aende Kasenga. Nilimkalisha. Aliomba maji, nikampa kikombe, akakishika bila kunywa.

Nikamuuliza watoto. Wazima. Damu? Imetulia. Sikufika kwenye swali la tatu.

"Nilikuja kukuambia kitu," akasema. "Juma lililopita, yee alikuwa anatengeneza redio yake. Ameifungua yote, misumari yake ya vis na nyaya mu meza nzima. Unajua namna anapenda ile redio." Akaangalia mlangoni kama kuna mtu. "Nilimuita. Si yee aliniita. Miye njo nilimuita."

"Na yeye?"

"Aliacha redio."

Akanywa yale maji yote, akanirudishia kikombe, akasimama kukaza pagne yake. Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka.

"Mupaka leo, Mama Monga, iko mu vipande-vipande juu ya meza."